Hali mbili nilizokataa kuziunganisha

Leo kikaoni meneja ameniambia mbele ya wenzangu kwamba mimi ndiye ninayechelewesha ripoti.

Kielelezo changu cha Markov, kinachoonyesha hali zote za boila ya kiwanda chetu hapa Louisville na uwezekano wa kutoka hali moja hadi nyingine, kilikuwa kirefu mno.
Nilikubali kukifupisha. Pampu mbili zinazofanana nilizihesabu kama hali moja bila wasiwasi.

Meneja akaongeza: "Na hizi mbili pia ziunganishe. Vali ya usalama ikiwa mbovu nasi tunajua, na ikiwa mbovu nasi hatujui."

Nikakataa. Tukijua, boila inazimwa. Tusipojua, inaendelea kuchemka bila pa kutolea mvuke uliozidi, na watu wapo kando yake.

"Dada, vali mbovu ni mbovu tu," akaninong'oneza Baraka, Mtanzania mwenzangu.

"Basi kasimame wewe pale."

Baraka akanyoosha mkono: "Na mimi nasema zibaki mbili."

Zimebaki.
Ripoti itachelewa, na kesho nitaitetea tena.

Nyinyi mngeziunganisha?