Nyumba Yangu ya Luchelele, Mwenye Nyumba Shangazi

Kosa ni langu, tena nililifanya huku nacheka. Msinipe pole haraka, kwanza mnijue.

Mimi ni mzaliwa wa Magu. Nimeishi Ulaya miaka mingi na nikachukua uraia wa huko kwa ajili ya kazi. Nilipokuja Mwanza likizo, nikakuta nyumba inauzwa Luchelele: vyumba sita, na ukikaa barazani ziwa lote liko mbele yako. Nikasema hapahapa! Nakopa, nanunua, napangisha, mwishowe nazeekea humo.

Nikaenda benki nimenyoosha shati. Dada wa mikopo akaingiza jina langu kwenye kompyuta, akasubiri, akanitazama kwa huruma.

"Kaka, hapa nchini huna historia ya mkopo. Hujawahi kukopa wala kulipa. Halafu pasipoti yako ni ya kigeni."

Mimi! Huko ninakoishi benki wananibembeleza nikope!

Hakunifukuza, nisimsingizie. Alinieleza kwamba mgeni hapewi ardhi hivihivi, kwa hiyo nipitie utaratibu wa wawekezaji, nilete taarifa za benki ya huko, barua ya mwajiri, na kianzio kikubwa zaidi. Ingechukua miezi. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa wiki tatu mbele, nikaona ananipotezea muda.

Ndipo nikamkumbuka shangazi, mdogo wake marehemu baba. Anauza mchele Magu. Kila msimu anakopa, kila msimu anarejesha. Akiingia benki na kandambili zake, meneja mwenyewe anainuka. Nikajiona mjanja kuliko wote! Mkopo na hati viwe kwa jina lake, kianzio na marejesho vitoke mfukoni kwangu. Akakubali bila kuuliza swali hata moja, na mimi sikushtuka.

Siku benki walipokuja kukagua nyumba, wakamuuliza mimi ni nani.

"Huyu? Kijana wangu wa kunibebea mikoba."

Nikabeba mikoba. Jamani, nilicheka mpaka machozi.

Sasa sikieni upumbavu wenyewe. Kwenye sherehe ya kuingia nyumba niliogopa majirani wasije wakanong'ona kwamba nyumba ni yangu, maneno yakafika benki. Nikashika kipaza sauti mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwaya na ukoo mzima.

"Ndugu zangu, nyumba hii ni jasho la shangazi! Mimi hapa sina hata tofali! Akiniambia ondoka, naondoka leo!"

Vigelegele! Kila simu ilikuwa juu inarekodi. Shangazi alijifuta machozi na kitenge.

Nikarudi Ulaya, nikawa natuma rejesho kila mwezi bila kuchelewa. Hiyo nayo ilizidi kumsafishia jina benki. Miaka miwili baadaye nikaja na mabegi yangu yote, nikakuta sebule imejaa magunia ya mchele, vyumba vinne vina wapangaji, na shangazi yuko barazani anatazama ziwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Karibu nyumbani kwangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nilipoanza kuzungumzia makubaliano yetu, akatoa simu, akabonyeza. Nikajisikia mwenyewe, kwa sauti kubwa: sina hata tofali!

Akiba yangu yote ya ujana ilikuwa kwenye kuta zile. Nilimkimbilia mwanasheria, naye akashindwa kujizuia kucheka. Kumbe hata shangazi akitaka kunipa, mimi bado ni mgeni kisheria. Tungerudi palepale kwa yule dada wa benki!

Nikarudi barazani nimenywea. Nikamwomba msamaha, maana ukweli nilimtumia kama ngazi na sikuwahi kumuuliza anataka nini. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani.

"Sawa baba. Unataka tuandikishane upya, uwe na fungu lako la kodi ya wapangaji. Una rekodi gani hapa?"

"Shangazi, mimi mtoto wa kaka yako!"

"Hilo nalijua. Naulizia rekodi. Miaka yote hujakopa kwangu, hujarudisha kwangu. Nitakujuaje? Anza na gunia moja la mchele. Kauze sokoni Nyakato, uniletee hela yangu Jumamosi. Nikiona tabia, tutaongea."

Basi ndugu zangu mlio nje, na mnaojiona wajanja kama mimi: ukiambiwa huna historia, kaa chini uijenge. Leta makaratasi yako, subiri miezi yako, tumia jina lako. Jina la mtu lina mwenyewe, naye ana akili zake!

Mimi nalala chumba cha nyuma, kile kisichoona ziwa. Nimesharudisha hela ya magunia matatu, kila Jumamosi kwa wakati. Jana shangazi alinitambulisha kwa mpangaji mpya. Alisema huyu ni mteja wangu, ananipa matumaini.