Mama Aliyempa Kiboko Sauti

Sauti ya Fidélie ilimletea aibu kwanza, ndipo baadaye ikapata kazi yake. Alipokuwa msichana, mwalimu wa kwaya ya parokia alimtoa katika safu ya wasichana akampeleka nyuma kwa wanaume wa besi, na watu walipoanza kugeuza shingo katikati ya misa kumtafuta mwenye sauti ile, akaacha kuimba kabisa. Ilikuwa sauti nzito, yenye mkwaruzo, sauti ya mtu mnene aliyeshiba, ilhali mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufito. Sokoni Likasi, mjini kwao, alizoea kuonyesha kitu kwa kidole ili asiseme.

Akaolewa na Ghislain, fundi wa mabomba katika kiwanda cha shaba, wakakaa mtaa wa Shituru, katika zile nyumba za wafanyakazi zinazopakana na reli. Walikuwa na televisheni kubwa, na Jumamosi mchana watoto wa majirani walijaa sebuleni kutazama ba dessin animé, zile filamu za katuni. Filamu zilikuwa za Kifaransa cha mbio, wadogo hawakushika neno. Siku moja Fidélie alikuwa akikunja nguo pembeni, akaona anawaeleza: huyu anasema hivi, yule anamjibu vile. Punde akaacha kusema "anasema". Akawa mzee, akawa mbuzi, akawa ngurumo. Watoto wakageuka wakamtazama yeye badala ya kioo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuona haya kutazamwa. Tangu hapo Jumamosi ikawa yake. Hata akina mama walioleta watoto walibaki wamesimama mlangoni.

Filamu iliyopendwa kupita zote ilihusu familia iliyovunjikiwa na meli. Baba, mama, mapacha wawili na bibi asiyeona vizuri walitupwa na mawimbi kwenye kisiwa cha mbali ambako hapakuwa na mtu. Huko wakajenga kibanda, wakala matunda, wakasaidiwa na kiboko wa rangi ya buluu. Kiboko alifikaje kwenye kisiwa cha baharini, hakuna aliyeuliza. Katika Kifaransa mnyama yule alisema machache. Fidélie akamwongezea mengi. Akampa jina, Tonton Mafuta, yaani Mjomba Mafuta, akampa kicheko cha tumboni na tabia ya kulalamikia chakula. Mapacha walipotaka kuvuka maji, Tonton Mafuta aliwabeba mgongoni akinung'unika njia nzima.

Binti yake Fortunée, aliyekuwa na miaka sita, alimpenda Tonton Mafuta kuliko ndugu yeyote wa damu. Usiku hakulala mpaka mama yake amtakie usiku mwema kwa sauti ile.

Januari, katikati ya masika, zikaja habari kwamba mama Berthe, mama mzazi wa Ghislain, ameteleza kwenye matope akavunjika mguu. Aliishi ng'ambo ya ziwa la Tshangalele, upande wa pili kutoka Kapolowe, na kwa majira yale barabara ya kuzunguka ilikuwa imekatika. Ghislain alikuwa kwenye zamu, hakupewa ruhusa. Ikabidi Fidélie aende na mtoto, wapande gari hadi Kapolowe, na huko wapokelewe na Léon, mdogo wake Ghislain, ambaye ni mvuvi, awavushe kwa mtumbwi.

Fidélie hakujua kuogelea. Aliketi katikati ya mtumbwi akiwa amembana Fortunée kati ya magoti, akasali kimoyomoyo. Ziwa lile si la asili. Ni bonde lililofurika zamani mto ulipozibwa ili upatikane umeme, na chini ya maji bado vimesimama visiki vya msitu uliozama. Léon alivijua vingi kama mtu anavyojua mashimo ya mtaa wake. Alipiga kasia taratibu, akamwambia shemeji yake kwa Kifaransa na kwa sauti ya chini, mtoto asielewe, kwamba wiki iliyopita kiboko jike mwenye ndama alikuwa amepindua mtumbwi wa watu wawili upande wa mafunjo, na mmoja hajaonekana. Ndiyo maana leo wangepita katikati, mbali na mafunjo.

Lakini upepo haukuwaacha wapite katikati. Wingu lilishuka kutoka upande wa milima, maji yakageuka meusi, na mawimbi yakawasukuma kando hata Léon aliposhindana nayo mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kisha ukasikika mlio mkavu chini yao, kama mfupa. Kisiki kilikuwa kimepasua ubavu wa mtumbwi. Léon aliruka majini, akaukamata kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono wa pili, akamwambia Fidélie ashike tu, asiachie hata maji yakimwingia puani. Hakuachia. Walipogusa ardhi alikuwa bado ameushika ubao, na Léon akalazimika kumfungua vidole kimoja kimoja.

Kilikuwa kisiwa kidogo mno, kichuguu kikubwa cha mchwa kilichobaki juu ya maji, kimezungukwa na mafunjo marefu kuliko mtu. Mvua ilipita haraka kama ilivyokuja. Léon alichunguza mtumbwi, akaziba ufa kwa shati lake na udongo, akasema unaweza kumbeba mtu mmoja mwepesi akichota maji njiani, watatu hauwezi. Angekwenda kwenye kambi ya wavuvi kuomba mtumbwi mwingine.

"Mbele ya jua kuanguka niko hapa," alimwambia. "Mubakie juu ya kichuguu, shemeji. Musishuke ku mayi."

Fidélie alitaka kumwomba asiende, lakini njia nyingine haikuwepo. Akamtazama mpaka mafunjo yakamfunika.

Fortunée, yeye, alikuwa na furaha tele. Nguo zimelowa, kiatu kimoja kimepotea, lakini macho yanang'aa. Walikuwa wamefika kisiwani. Alianza kuvunja mafunjo ajenge kibanda, akauliza matunda yako upande gani. Fidélie alimwitikia kwa nusu sikio, kwa sababu alikuwa ameona kitu. Kutoka majini hadi kwenye nyasi za chini ya kichuguu palikuwa na njia, pana, imelainishwa, mafunjo yamelala pande zote mbili. Kando yake kinyesi kimetapanywa juu ya majani, na katika matope zilikuwepo nyayo za duara, kila moja kubwa kuliko sahani. Kando ya zile kubwa zilifuata ndogo.

Hiki hakikuwa kisiwa kisicho na mwenyewe. Léon, kwa haraka ya kuziba ufa, hakuwa ameona, au aliona akanyamaza.

Alimpandisha mtoto juu, akamwambia wakae pale wasisogee. Mtoto akauliza sababu. Fidélie akasema nyoka, kwa kuwa hilo lilikuwa jambo la kwanza lililomjia. Saa zikapita. Jua likaanza kwenda chini, na kila mlio wa maji ulimfanya asimame akidhani ni kasia. Haikuwa kasia. Mara ilikuwa samaki, mara ndege, na mara moja ilikuwa pumzi, ndefu, yenye maji ndani yake, kama mtu mkubwa anayepenga pua. Akageuka kumkamata mtoto mkono.

Mtoto hakuwepo.

Fortunée alikuwa ameisikia pumzi ile kabla yake, na aliijua. Alikuwa ameteleza kwa makalio hadi chini, na sasa alitembea kwenye ile njia pana, kiatu kimoja mguuni, akiita kwa sauti ya adabu na kujitambulisha, vile mtoto anavyomwita mjomba aliyekuja kuwatembelea.

"Tonton Mafuta! Tonton, njo minye Fortunée."

Mwisho wa njia, majini, kilikuwepo kichwa. Macho mawili, masikio madogo yanayotikisa maji. Nyuma yake kichwa kingine, kidogo. Jike lilianza kuinuka. Maji yalimwagika mabegani mwake, na hakukuwa na buluu yoyote. Lilikuwa la rangi ya tope na nyama mbichi, lenye makovu, na halikuacha kumtazama mtoto.

Fidélie alishuka bila kujua ameshukaje. Akajikuta amechuchumaa ndani ya mafunjo kando ya njia, mtoto akiwa mbele yake, mahali asipoweza kumfikia kwa mkono. Akipiga ukelele, mnyama angeshtuka. Akimwita binti yake kwa jina, Fortunée angegeuka akicheka amwoneshe tonton, angesema mama njoo uone. Alimjua. Hofu mtoto hakuwa nayo hata tone, na ni mama yake mwenyewe aliyeimaliza, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Hakufikiri zaidi ya hapo. Alifungua mdomo, na kutoka ndani ya mafunjo ikatoka sauti ya Tonton Mafuta, chini kabisa, bila kicheko.

"Fortunée. Minye siko tonton yako."

Mtoto akasimama. Alimtazama mnyama, kwa kuwa kwake yeye ndiye aliyekuwa akisema.

"Minakulaka batoto," sauti ikaendelea. "Mifupa yote. Rudi nyuma, pole-pole. Ukikimbia, minakukamata."

Masikio ya jike yakageukia mafunjo. Fidélie aliona uso wa mwanawe kwa upande, akaona kitu kikiondoka ndani yake, kama mtu anavyopuliza koroboi. Midomo ikaachama. Mkojo ukamtiririka miguuni. Akarudi nyuma hatua moja, akarudi nyingine, vile alivyoamriwa, macho kwa mnyama, mpaka alipofika karibu na mkono wa mama yake. Fidélie akamnyakua, akamziba mdomo, akapanda kichuguu kwa magoti. Nyuma yao mafunjo yakavunjika, uzito ukapita, ukasimama mahali pale pale alipokuwa amechuchumaa. Jike lilinusa. Halikupanda. Kichuguu kilikuwa na mteremko mkali, au labda lilijali ndama wake zaidi kuliko wao. Fidélie hakuwahi kujua.

Usiku ule alikaa amemlalia mtoto kama kuku. Walisikia nyasi zikikatwa chini yao, krap, krap, bila haraka. Akili yake ilikwenda kwa Léon, akamwona amezama, akamwona ameshikwa, akajilazimisha kutomwona. Kilichomtisha kuliko yote kilikuwa mikononi mwake. Mtoto hakulia, hakuuliza, hakusema njaa. Alipojaribu kumnong'oneza sikioni kwamba mambo yatakuwa mazuri, mwili mdogo ule ulikakamaa kama ubao, na Fidélie akaelewa kwamba mtoto anaiogopa sauti yake. Akanyamaza mpaka asubuhi.

Ukungu ulikuwa bado juu ya maji waliposikia watu wakigonga mitumbwi kwa makasia kuwafukuza viboko. Walikuwa wavuvi wa kambini, na Léon alikaa kati yao amejifunika blanketi, midomo imepauka. Mtumbwi wake ulikuwa umejaa maji njiani. Alikumbatia kisiki hadi giza lilipoingia, ndipo wakamsikia akiita. Alitaka warudi usiku ule ule, wazee wa kambi wakakataa kwa sababu ya jike lile. Alipomwona shemeji yake yuko hai aliinamisha kichwa.

Hawakuvuka tena. Wavuvi waliwarudisha Kapolowe, na maji yalipopungua Ghislain alikodi lori, akazunguka kwa barabara kumchukua mama Berthe na mguu wake uliofungwa, akamleta Shituru kukaa nao.

Nyumbani, Fortunée alikula, alivaa, alikwenda shule. Lakini alihamia kitanda cha bibi yake, na mama yake alipozungumza jikoni yeye alitoka uani. Jumamosi watoto walikuja kama kawaida. Fidélie alijaribu kuwasimulia kwa sauti nyembamba ya kubana pua, wakacheka, wakamwomba ile nyingine. Akawaambia ameumwa koo. Ghislain alisema mtoto atasahau. Mama Berthe, aliyekuwa akilala naye na kusikia anayoyasema usingizini, alisema hapana, huyu hasahau, huyu anangoja kuuliza.

Aliuliza mwezi wa tatu, mchana wa mvua. Umeme ulikuwa umekatika, watoto wa majirani wamekwenda, na bati lilikuwa likipigwa na mvua mpaka mtu alilazimika kumsogelea mwenzake. Fidélie alichambua mchele. Fortunée alikuja akasimama upande wa pili wa meza.

"Mama. Kule ku mafunjo, ile kiboko ilisema. Ao ilikuwa weye?"

Fidélie aliweka ungo chini. Angeweza kusema ni mnyama, mtoto abaki akimwogopa mnyama tu, si mama yake.

"Ilikuwa minye," alisema, kwa sauti yake halisi, kwa kuwa hakuwa na nyingine.

Mtoto alishtuka lakini hakukimbia. Alikwaruza ubao wa meza kwa ukucha.

"Juu ya nini ulisema utanikula?"

"Juu ya woga. Nilikuwa na woga ya weye kufa, mwanangu. Nilitaka na weye uogope."

"Weye uliogopa?"

"Sana. Na leo ninaogopa."

Fortunée hakumkumbatia. Alivuta kigoda, akakiweka mbali kidogo ya mama yake, si mbali sana, akaingiza mkono kwenye ungo, akaanza kutoa mawe kwenye mchele, moja moja, akiyapanga mezani. Nje mvua iliendelea. Ngurumo ilipopiga juu ya kiwanda wote wawili waliinua vichwa kwa pamoja, wakangoja ipite, wakarudi kwenye mchele.