Taa Inayoitikia Shikamoo

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Yuliana Mkude amepiga magoti barazani kwake Bigwa, chini ya Milima ya Uluguru, akikata kipande cha sponji ya godoro kwa wembe. Watoto kumi na wanane wamemzunguka. Mbele yao kuna maboksi ya sabuni, betri, nyaya na vitaa vilivyong'olewa kwenye tochi mbovu.

Hakuna anayecheka, jambo ambalo si la kawaida kwenye baraza hii. Leo wanatengeneza upya kitufe cha taa kilichowaaibisha kule Mikese wiki iliyopita.

Siku za kazi, Yuliana, mwenye umri wa miaka 46, ni fundi umeme wa majumbani. Hupanda darini, huchimba kuta, huvuta nyaya. Jumamosi huwafundisha watoto wa jirani bila kudai hata senti, na betri hununua mwenyewe. Haoni hasara, anasema, maana naye alifundishwa bure.

Somo la kwanza huwa lilelile, na kosa huwa lilelile. Wazazi wa wengi wa watoto hawa wanalima milimani, ambako maji huteremshwa kwa mfereji hadi kwenye bustani ya kabichi. Yakifika, kazi imekwisha. Basi mtoto huchukua waya mmoja, akaunganisha betri na taa, kisha akakaa kusubiri umeme uteremke.

Mwaka jana Yuliana alieleza mpaka koo likamkauka kwamba umeme lazima uwe na njia ya kurudi. Watoto waliitikia ndiyo mwalimu, halafu wakashika waya mmoja uleule. Aliyemwokoa ni Shakila, mwanafunzi wa darasa la tano.

"Kumbe ni kama shikamoo," alisema Shakila. "Bila marahaba, hamjasalimiana."

Tangu siku hiyo waya wa kwenda unaitwa shikamoo, wa kurudi marahaba, na taa ikigoma utasikia wakiulizana nani amenyima marahaba. Yuliana alicheka sana siku ile, kisha akajikuta analia. Alikuwa amemkumbuka Mzee Mwinjuma.

Miaka ishirini na mitano iliyopita Yuliana aliuza mahindi ya kuchoma kando ya barabara kuu, Mikese, jirani na kibanda cha Mwinjuma, fundi redio. Alipoomba kujifunza, wenzake walimcheka: mwanamke na umeme wapi na wapi. Mzee hakucheka, alimpa bisibisi. Na kila asubuhi Yuliana alipomwamkia, mzee alimjibu kwa neno moja zaidi ya wengine: "Marahaba, fundi."

"Nilikuwa sijui hata kuchomea lehemu," anasema Yuliana. "Akaniita fundi kabla sijawa fundi. Nikaona aibu kumfanya mwongo."

Mwaka jana kiharusi kilimwangusha mzee, kikamnyang'anya maneno na upande wote wa kulia. Binti yake, Sabra, anaeleza kuwa akili yake ni nzima, na hapo ndipo panapouma. Wapita njia walimwamkia, hakuweza kuitika, na mwisho wakaacha. Mtu mzima akawa anapitwa barazani kwake kama gogo.

Yuliana alipowasimulia watoto, waliamua kumtengenezea mzee marahaba yake: boksi lenye taa na kitufe. Walichukua vipande viwili vya karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, katikati wakaweka kipande cha ndala kilichotobolewa tundu. Ukibonyeza, karatasi zinagusana tunduni na taa inawaka.

Huku Bigwa taa iliwaka vizuri. Mikese, vidole vya mzee vya mkono wa kushoto havikuweza kuishinda ndala. Alibonyeza, akabonyeza tena, kisha akageuza uso, akatazama ukuta.

Ndiyo maana leo ndala imetolewa na sponji imeingia. Shakila anajaribu kwa kidole chake cha mwisho, na taa inawaka.

Saa nane mchana wako Mikese. Mzee Mwinjuma amekaa barazani, boksi mapajani. Yuliana anainama mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

Kidole kinasogea polepole, kama kinatafuta njia. Taa inawaka. Yuliana anajifuta macho kwa ncha ya khanga bila kujificha, na watoto wanapanga mstari kumwamkia mmoja mmoja. Muuza mkaa wa ng'ambo, aliyekuwa ameacha kusalimia, anavuka barabara, anamwamkia, naye anaitikiwa.

Salamu zinakwisha, lakini mzee haondoi kidole kwenye kitufe, na taa inaendelea kuwaka. Sabra anaingiwa na wasiwasi, anasema betri zitaisha leo leo.

"Mwache aitikie," anasema Yuliana, ambaye sasa amepanga kuja na betri mpya kila mwisho wa mwezi, Mungu akiwajalia uzima. "Miaka yote nilimwamkia, hakunichoka. Mimi nishindwe na betri?"