Baiskeli ya Marehemu

Jumamosi nilikuwa nangoja zamu yangu kwa fundi baiskeli, mtaa wa Chikongola. Akaja mama mmoja wa makamo, khanga mpya bado zinanuka duka, anakokota baiskeli ya kiume tangu Naliendele. Nyuma yake shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, anahema. Kumbe mama katoka eda wiki hiyo hiyo.

"Nishushie kiti," akamwambia fundi.

Fundi akashika spana, lakini akamtazama shemeji kwanza.

"Shemeji," akasema yule bwana, "baiskeli ya kaka ataipanda nani?"

"Mimi."

Tuliokuwa barazani tukacheka. Mama akawa anapapasa kile kiti kwa kiganja, kama anayepima homa ya mtoto.

"Kwa umri huu? Una wajukuu! Utakwenda wapi?"

"Nilipovunja ungo niliwekwa ndani. Kila nikizaa, arobaini ndani. Kaka yako kafa, eda ndani. Nimekaa vizuri, hakuna aliyenilaumu. Ninakokwenda bado sikujui, shemeji. Lakini huko ndani nakujua."

Shemeji akainama, akaishikilia baiskeli ili fundi alegeze nati.

Sisi wanaume hatuwekwi ndani na mtu. Tukigusa hamsini tunajiweka wenyewe, tena barazani, kila mtu atuone. Mimi siku ile nilikuja kumuuzia fundi baiskeli yangu, nikapumzike.

Zamu yangu ikafika. "Haya mzee, unaiuza kwa ngapi?" fundi akauliza.

Nikamwambia aijaze upepo.