Rubani Aliyeona Maua

Harufu ya maua ya pareto yanayokauka juani haitoki puani kwa urahisi. Ni kali, na aliyeizoea hupiga chafya hata akiiwaza tu. Miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni kwa sababu ya Mau Mau, niliishi ndani ya harufu hiyo na ndani ya seng'enge. Shamba la mzungu lilikuwa upande wa juu wa Elburgon, msitu wa Mau ukianzia nyuma yake, na vibanda vya wafanyakazi vilizungushiwa waya wa miiba wenye geti moja. Asubuhi watu wazima walitoka na vipande vyao, vile vitambulisho vya kikoloni, kwenda kuchuma, askari akafunga kufuli, tukabaki watoto na wazee hadi jioni. Nilikuwa na miaka tisa na niliuchukia ule waya kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Ng'ombe wa mzungu walijilia nyasi upande wa pili, wakitutazama.

Msimu ule kikaushio cha shamba kiliharibika, kwa hiyo tukaamriwa kuanika maua uwanjani kwetu, katikati ya vibanda. Yalitandazwa juu ya mashuka ya amerikani, meupe juu ya meupe. Kazi yangu ilikuwa kuyageuza na kufukuza kuku, huku mgongoni nimembeba mdogo wangu Njeri, ambaye hata kutambaa alikuwa hajajua vizuri. Siku moja alilala akawa mzito, nikamlaza pembeni mwa shuka na kumfunika leso. Cucu, mama mzazi wa baba, alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Akaniambia, "Mtoto halazwi chini kama gunia. Mbebe." Nikajibu, "Ndiyo, Cucu," na nisimbebe.

Kama saa sita mchana habari zikatufikia kutoka nje ya waya: mwanajeshi mmoja mzungu ameangukiwa na mti msituni, na ndege inakuja kumchukua. Askari wa geti akaenda kusaidia kubeba machela, ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Baadaye tulijua kwamba wanajeshi walikuwa wametandika shuka jeupe kwenye malisho, nje ya waya, ili rubani ajue pa kutua. Rubani alipotazama chini, weupe mwingi zaidi aliuona kwetu.

Helikopta hatukuwa tumewahi kuiona. Ilisimama hewani juu yetu kama mwewe aliyeona kifaranga, kisha ikaanza kushuka. Aliye juu mngoje chini, wahenga walisema, ila hawakusema umngoje ukiwa umefungiwa. Vumbi likainuka, sufuria zikabingirika, nasi sote tukakimbilia geti. Tulilisukuma hadi miiba ikatuchana viganja. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zetu ziliishia kwenye kufuli. Hapo ndipo nilipopeleka mkono mgongoni kumshika Njeri, nikakuta mgongo mtupu.

Nilipogeuka, pareto ilikuwa imejaa hewani. Cucu alikuwa amelala kifudifudi, amemfunika Njeri kwa mwili wake. Magurudumu yalikuwa yamebakisha kimo cha mtu kumfikia Cucu, ndipo rubani alipomwona, akainua ndege, akaenda kutua malishoni. Sikwenda kuwasaidia. Nilibaki getini. Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mgonjwa alipokuwa akipakiwa, rubani alikuja hadi kwenye waya, kofia mkononi. Alikuwa kijana mdogo, shingo imeungua kwa jua.

"Pole, mama," akasema kwa Kiswahili cha wazungu wa mashamba. "Mimi hapana ona watu."

"Maua uliyaona," Cucu akamjibu.

Kisha akamwinua Njeri juu ya miiba. Changarawe iliyorushwa na upepo wa ndege ilikuwa imempasua mtoto jicho la kushoto, damu ikimshuka hadi kidevuni. "Mpeleke hospitali pamoja na huyo wenu."

Rubani akalitazama lile jicho, akaitazama ndege yake. Akasema atamwambia mwenye shamba, akavaa kofia, akaenda. Geti lilifunguliwa jioni. Ruhusa ya kusafiri hadi Nakuru ilipatikana siku ya tatu, na jicho halikungoja.

Siku hizi helikopta za wanasiasa hutua kwenye uwanja wa shule hapa kwetu, na watu huzikimbilia badala ya kuzikimbia. Juzi ilipokuja moja, vijana walitangulia na filimbi wakaondoa watoto, na rubani akazunguka mara mbili, akangoja uwanja uwe mtupu. Nilimheshimu. Kwangu mimi hiyo ndiyo nusu kubwa ya kazi yake, kuamini kwamba chini kuna mtu hata kabla hajamwona. Mimi na Njeri tulisimama nyuma kabisa, vizee viwili, hakuna waya wala kufuli, barabara iko wazi pande zote, lakini nilikuwa nimeukamata mkono wa Njeri kwa nguvu.

"Dada, niachilie," Njeri akasema. "Unaniumiza mkono."

Sikumwachilia. Amekua akijua kwamba siku ile upepo ulimpokonya mgongoni mwangu. Cucu ndiye aliyemwambia hivyo, nami miaka yote hii sijamsahihisha.