Makoti Kumi na Mawili ya Getruda

Getruda alikuwa anashonaga barazani kwa Hamduni, sokoni Mwigobero kando ya ziwa, hatua kumi kutoka meza yangu ya dagaa. Cherehani ilikuwa ya Hamduni. Miaka ile ya sabuni kwa foleni, kitambaa hakikuwepo, lakini mtu alileta hata pazia akashonewa. Halafu mitumba ikaruhusiwa, watu wakaanza kuvaa bila fundi.

"Dada Getruda," Hamduni akamwambia, "hapa nataka kuweka marobota ya mitumba. Ukipata kazi ya maana kabla ya Sabasaba, endelea kukaa hapa na cherehani. Usipopata, tusilaumiane."

Kazi ikaja. Masatu, mvuvi wa Bukima, alikuwa na kikundi cha maigizo kilichokuwa kinakwenda kushindana Bunda. Walitaka sare kumi na mbili za askari wa mkoloni, kwa bei ya kutupa. Afisa utamaduni alishasema, fundi atakayempendeza atashonea vikundi vyote.

Getruda akachambua mnadani makoti ya kiume ya kaki, yamepauka kama mgongo wa punda. Akayafumua, akageuza kitambaa, cha ndani kikawa nje. Huko ndani rangi bado mbichi! Akaweka mabega, mifuko, mikanda ya turubai. Mimi mwenyewe nilipiga saluti.

Kasoro moja tu. Koti la kiume ukiligeuza, matundu ya vifungo yanahamia kulia, kama blauzi ya kike.

"Nikiyaziba, makovu yataonekana kifuani," akasema.

"Wewe nawe! Nani anaangaliaga vifungo?" nikamjibu. Mdomo wangu huu.

Bunda uwanja ulijaa. Askari wakatoka na kwata safi, mpaka watoto wakarudi nyuma. Ndipo mama mmoja muuza mitumba akapaza sauti: "Jamani, afande kavaa la kike! Tazameni vifungo!" Biashara ile ilishatufundisha wote kusoma nguo.

"Afande, mume wako hajambo?"

"Kamanda, mtoto analia, kanyonyeshe!"

Masatu, afande mwenyewe, akapotewa na maneno yake. Akavua koti, akalitupa chini, na wenzake wakafuata. Nikamtazama afisa utamaduni, labda yeye hacheki. Alikuwa anajifuta machozi ya kicheko.

Sabasaba ilikuta marobota barazani. Hamduni hakumtukana, hata alimbebea pasi mpaka kwenye boti. Sasa Getruda yuko Bukima kwa kaka yake, analima mihogo. Nilimpelekea gauni langu anipunguzie, akasema macho yamechoka. Ana miaka arobaini na moja.

Asubuhi Masatu na wenzake wananiletea dagaa. Baridi ya ziwa ni kali, wote wamevaa makoti yale yale, wamefunga vifungo mpaka shingoni. Hakuna anayecheka.

"Koti zuri hili, mama," Masatu aliniambia juzi. "Upepo haupiti."

"Umemwambia Getruda?"

"Ya nini tena?" akasema, akainama kushusha ndoo.