Mioyo ya Pweza

Dada yangu alikuwa mgonjwa wa moyo, na alipenda maswali kuliko dawa zake. Pale kwetu Mtoni hakuacha mtu apumzike: ndege gani haruki, mfalme gani alizikwa na dhahabu, nani aliimba wimbo upi. Tulifuata sheria ya vitendawili: ukishindwa unatoa mji, ndipo unaambiwa jibu. Mie nilikuwaga mbishi, miji yangu siitoi hovyo.

Siku ya mwisho hospitali, akiwa na mpira wa oksijeni puani, aliniuliza, “Pweza ana mioyo mingapi?”

“Mmoja.”

Akatikisa kichwa. “Nipe mji.”

“Sikupi. Kesho nakuja na jibu.”

Akacheka mpaka muuguzi akatukemea.

Kesho yake tulimzika Chanika. Watu walipotawanyika, niliinama kaburini nikamwambia, “Haya basi, chukua Dar nzima.”

Jibu nilikuja kulisikia redioni, kwenye chemsha bongo, nikiwa nakaanga samaki. “Mitatu,” alisema mshiriki mmoja, wakampigia makofi.

Nikaizima redio. Pweza ana mitatu. Dada yangu alipewa mmoja, tena mbovu.